Mbegu 900 za Korok: zawadi ya hiari inapofanya kazi na inapokwama

Anayekusanya mbegu zote 900 za Korok, vijitu vya mti vilivyojificha nchi nzima, katika gemu ya The Legend of Zelda: Breath of the Wild hupewa kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi kilichojiviringisha. Maelezo yake ndani ya gemu hayafichi kitu: ni zawadi ya urafiki kutoka kwa Hestu, Korok mkubwa anayezipokea mbegu hizo, na inanuka. Haiongezi nguvu vitani, haikupi moyo (kipimo cha uhai) wala upanga. Faida yake ni moja tu, kwamba kuanzia hapo unaweza kumwomba Hestu akuchezee ngoma yake wakati wowote utakao.

Gemu ilitoka tarehe 3 Machi 2017 kwa Nintendo Switch na Wii U, mwongozaji akiwa Hidemaro Fujibayashi na mtayarishaji Eiji Aonuma. Haukupita muda mrefu wachezaji wenye subira wakaifikia zawadi hiyo, na ubishi ulioanza hapo unaendelea mpaka leo. Wako wanaosema ni dharau: mtu amepanda kila kilele, amepiga mbizi kila bwawa, halafu anachekwa. Wako wanaosema ni utani mzuri na waliokasirika wanyamaze. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekodolea macho mwisho wa safari, ilhali mambo ya maana katika kisa hiki yako njiani. Mbegu mia chache za kwanza ni miongoni mwa zawadi za hiari zilizobuniwa kwa akili kubwa kabisa katika gemu za matembezi na matukio. Ile zawadi ya dhahabu nayo ninaitetea. Kilichoharibu ni kitu kidogo ambacho watu hawakitaji sana, namba inayojitokeza pembeni mwa ramani, na nitaifikia.

Njia ya kwenda Kakariko

Link, shujaa wa gemu, anaamka kwenye Great Plateau, uwanda ulioinuka ambao kila upande unaishia kwenye genge refu. Haambiwi lolote kuhusu Korok. Anaweza kukaa huko juu saa kadhaa, akamaliza kazi zote alizopewa, akapata kitambaa cha kuelea nacho hewani na akashuka bondeni bila kujua kwamba kuna viumbe wa namna hiyo. Lakini akiwa mtu wa kugusagusa vitu, ipo siku atanyanyua jiwe lililokaa peke yake mahali ambapo jiwe halina sababu ya kukaa. Hapo kijitu cha mti chenye uso wa jani kitachomoka kikicheka, kimpe mbegu, kisha kinyamaze. Mbegu ya nini? Hakuna wa kumweleza.

Ukimya huo una kazi yake. Mbegu inakaa mfukoni kama swali, na swali linabebeka vizuri kuliko sarafu. Jibu linapatikana kwenye barabara ya kwenda kijiji cha Kakariko, kule ambako hadithi kuu inamtuma mchezaji baada tu ya kushuka kutoka uwandani. Kando ya njia kasimama Hestu, Korok mkubwa kama kichaka, analalamika kwamba mabokoblini (mazimwi wadogo) wa kilimani wamemwibia manyanga yake. Ukimrudishia, anayatikisa na kugundua hayalii sawasawa, kwa sababu mbegu zilizokuwa ndani zimetawanywa na Korok wenzake nchi nzima. Zile ulizookota ni zake. Na kila ukimpa, anazikubali kwa ngoma na kukuongezea nafasi ya kubebea silaha, upinde au ngao.

Tazama alipowekwa. Kitu cha hiari kimepewa maelezo yake kwenye njia ambayo karibu kila mtu ataipita, tena mapema, mchezaji akiwa bado na mbegu mbili tatu tu. Asiyekuwa na hata moja anaelewa papo hapo kwamba kule alikotoka aliacha kitu, na kwamba mbele atakuwa na sababu ya kutazama kwa makini zaidi. Gemu nyingi hukosea hapa. Huficha faida ya zawadi mpaka mwisho, zikidhani siri itamsukuma mtu, kumbe mtu ameshachoka na kuacha kuokota zamani.

Kwa nini nafasi moja ya mfukoni ina uzito

Hapa ndipo penye utamu wa kisa chote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika Breath of the Wild silaha huvunjika. Upanga, mkuki, rungu, shoka, vyote hupasuka mikononi baada ya mapigo kadhaa, isipokuwa Master Sword peke yake, ambao ukichoka hupumzika na kurudi. Mfuko wa silaha unaanza na nafasi 8. Sasa mchukue mchezaji anayependa kuzurura. Amepanda jabali, amepambana na walinzi wa kambi iliyoko juu, amefungua sanduku lao. Ndani mna mkuki mzuri. Skrini inamwambia mfuko umejaa. Sanduku linajifunga tena, na yeye anasimama pale akipitia silaha zake moja moja, akikadiria ipi aitupe. Kile kilichopaswa kuwa furaha kimegeuka kazi ya kupanga stoo.

Anayezurura zaidi ndiye anayekumbana na tatizo hili zaidi. Anayekwenda moja kwa moja kwenye hadithi kuu hakutani na masanduku mengi, hivyo mfuko wake haujai haraka. Kwa hiyo maumivu yanamlenga yule yule mtu wa vichochoroni, na dawa ya maumivu imewekwa huko huko vichochoroni. Ukizurura unapata silaha nyingi kuliko unavyoweza kubeba, ukizurura unapata mbegu, mbegu zinapanua mfuko, mfuko mpana unakupa sababu ya kulifungua sanduku linalofuata. Hakuna anayelazimishwa kuingia katika mzunguko huo, lakini ukishaingia, kila hatua inaipa maana hatua nyingine.

Ndiyo maana nasema mbegu ni bora kuliko moyo au sarafu katika nafasi hii. Sarafu ikiwa nyingi hupoteza thamani yake, na moyo ukitolewa kwa kila jiwe vita vyote vitakuwa vyepesi. Nafasi ya mfuko haimfanyi Link awe na nguvu zaidi. Inampa hiari pana zaidi ya nini cha kubeba, na hiari ndiyo mchezaji wa aina hii anayoitafuta. Msanifu wa gemu anayetaka kujua azawadie nini watu wanaotoka nje ya njia aanze kwa kuuliza: hawa watu, kwa jinsi wanavyocheza, wanasumbuliwa na nini?

Bei nayo imepangwa vizuri mwanzoni. Nafasi ya kwanza ya silaha inagharimu mbegu 1, ya pili 2, ya tatu 3, kisha 5, kisha 8, na baadaye inapanda hadi makumi. Mtu aliyeokota mbegu sita kwa bahati tu anaondoka na nafasi tatu kamili. Analipwa kabla hajaamua kuwa mkusanyaji. Ukitaka mtu ajenge tabia ya kutazama pembeni, lipa mara ya kwanza upesi, kisha mwache aende.

Ukilinganisha na gemu nyingine tofauti inajitokeza yenyewe. Assassin's Creed ya mwaka 2007 ilitapanya bendera 420 katika miji yake na mashambani. Kuzikusanya hakukubadilisha lolote ndani ya gemu, na kwa waliochezea PlayStation 3 hakukuwa hata na kikombe cha kuonyesha kwamba umemaliza. Kilichobaki ni karatasi ya hesabu iliyovalishwa sura ya mchezo. Miaka miwili baadaye Assassin's Creed II ilipunguza idadi hadi manyoya 100 na kuyapa mizizi kwenye hadithi: mdogo wake Ezio, shujaa wa gemu hiyo, alikuwa akiyakusanya kabla ya kunyongwa, na Ezio anampelekea mama yao ambaye amepoteza sauti kwa majonzi. Hapo unyoya una uzito wa moyoni. Bahati mbaya zawadi ya mwisho ni joho ambalo ukilivaa walinzi wa kila mji wanakutambua kuwa mhalifu, kwa hiyo wengi huliacha kabatini. Maana ilikuwepo, matumizi hayakuwepo.

Hata ukoo wa Zelda wenyewe ulishateleza hapa. Ocarina of Time ya 1998 ina buibui wa dhahabu 100. Kumi za kwanza zinakupa pochi kubwa zaidi, na mpaka hamsini kuna vitu vya kufaa. Kisha unatembea hamsini zaidi bila kitu, na mwishoni unapewa Rupee 200, fedha za gemu hiyo, wakati ambapo huna tena cha kununua nazo. Nikiitazama Breath of the Wild naona watu waliojua historia ya nyumba yao.

Jicho linapofundishwa kusoma nchi

Swali linalofuata ni idadi. Kwa nini 900? Waundaji walieleza baadaye kwamba hawakutarajia kila mtu azitafute zote. Walitaka mchezaji, yeyote awaye na kwa njia yoyote aliyochagua, akutane na za kutosha. Nchi ni pana na hakuna njia moja. Ukiweka mbegu 100 tu, anayepitia kaskazini anaweza kutembea muda mrefu pasipo kitu, akahitimisha kwamba huku nje hakuna maana. Ile 900 ni kipimo cha msongamano, sawa na kuamua kisima kimoja kikae umbali gani na kingine. Fujibayashi alifanya jambo linalonipendeza sana katika kupima umbali huo: alichukua ramani ya Kyoto, mji anaoufahamu kwa miguu yake na ambao ndio makao makuu ya Nintendo, akailaza juu ya ramani ya Hyrule, nchi ya gemu hii, akajiuliza kutoka pale hadi pale mtu hutembea muda gani na hukutana na nini.

Waswahili husema mkaa bure si sawa na mtembea bure, huenda akaokota. Neno lenye uzito katika methali hiyo ni huenda. Mtembezi akiwa na uhakika ataokota, anakuwa mfanyakazi anayefuata mshahara. Akiwa na uhakika hataokota, anarudi nyumbani. Breath of the Wild inaishi katikati, na inakaa hapo kwa kukataa kuweka alama. Mnara unapoupanda unakuchorea umbo la nchi, mito na milima, lakini haumwagi vialama vya vitu vilivyofichwa kama zilivyozoea gemu nyingi za ulimwengu wazi za miaka ile. Mchezaji anachukua darubini, anatazama, anaona kitu kinachomshangaza, anabandika alama yake mwenyewe. Korok anaonekana kwenye ramani akishapatikana tu.

Bila alama, nchi yenyewe lazima iseme. Katika mkutano wa wasanifu wa gemu wa CEDEC nchini Japani mwaka 2017, timu ilieleza kwamba waliijenga Hyrule kwa pembetatu. Mlima mkubwa unakuvuta kutoka mbali. Kilima cha wastani kinaficha kilicho nyuma yake, kwa hiyo ukikizunguka au ukikipanda kitu kinafunguka ghafla. Miamba midogo inampa mtembeaji mdundo wa kupanda na kushuka. Na pembetatu ina uzuri mwingine: inakupa uamuzi, upande juu au upite pembeni. Katika majaribio ya awali watu walikuwa wakitoka mnara hadi mnara kwa mstari mmoja, wakajihisi wanaswagwa. Dawa ilikuwa kutawanya vitu vingi vyenye mvuto tofauti ili macho yavutwe huku na huku.

Mbegu zimekaa humo. Chukua mfano wa duara la mawe. Unashuka mteremko, chini unaona mawe madogo yamepangwa kwenye nyasi, mviringo safi, isipokuwa pengo moja. Hakuna taa inayowaka, hakuna sauti, hakuna mshale. Kuna umbo ambalo maumbile hayalifanyi. Unatazama huku na huku, unaliona jiwe lililokosekana liko hatua ishirini, au limetupwa juu ya mwamba. Unalibeba, unaliweka, Korok anatoka akicheka. Ukishalijua hilo, huwezi tena kutazama mawe kama ulivyokuwa ukiyatazama. Kisha unaanza kuona mengine: maua ya majini yaliyopangwa duara bwawani, yanayokutaka uruke kutoka juu na kutua katikati yake. Miti mitatu inayofanana, mmoja ukiwa na tunda lililozidi. Safu ya sanamu ndogo, kila moja ina tufaha mbele yake ila ya mwisho. Pindo la maua linalohama kila ukilikaribia.

Na kuna vilele. Ukipanda mlima kwenye gemu hii unatumia pumzi, ile duara ya kijani inayopungua kila unaposogea, na mvua ikinyesha mikono inateleza unarudi chini. Kufika juu kunagharimu. Juu, mara nyingi sana, kuna jiwe dogo, na chini ya jiwe kuna Korok. Fumbo lenyewe halipo kabisa, mtoto wa miaka minne analiweza. Lakini lile jiwe linamwambia aliyefika kwamba kuna mtu aliwaza kuwa wewe utapanda hapa. Kwangu mimi hiyo ni adabu ya mwenyeji kwa mgeni wake, na ni nadra gemu kuionyesha kwa mchezaji ambaye haikumtuma kokote.

Kwa upande wa ukubwa wa zawadi, ni sahihi iwe ndogo. Nitatumia kisiwa cha Eventide kueleza. Kiko kusini-mashariki kabisa, baharini, na kufika huko unahitaji kuruka kutoka rasi ukielea huku ukihesabu pumzi, au utweke chombo. Ukigusa mchanga, sauti inakuvua kila kitu, silaha, nguo na chakula, na kukuamuru upeleke tufe tatu kwenye madhabahu tatu. Tufe moja imening'inia kifuani pa Hinox, jitu la jicho moja, aliyelala. Unaanza upya ukiwa na fimbo za kuokota na ndizi, kama ulivyokuwa siku ya kwanza, ila sasa una maarifa. Ukishinda, hekalu linafunguka na unapata duara moja ya roho, na zinatakiwa nne ndipo uongezewe moyo mmoja. Robo ya moyo kwa mchana mzima wa mapambano! Hata hivyo Eventide ni mahali ambapo wachezaji wa gemu hii hupataja kwa upendo wakiulizwa walikumbuka nini, kwa sababu tukio lenyewe lilishalipa. Kama kingeongezwa upanga mkali kuliko zote, kisiwa kingegeuka kituo cha lazima kwenye orodha ya watu, na wengi wangekwenda wakiwa wamesoma tayari jinsi ya kukimaliza.

Inapokwama

Baada ya sifa hizo ni haki kusema palipoharibika.

La kwanza ni dogo: aina za mafumbo ni chache mno kwa mbegu 900. Duara la mawe la kwanza ni ugunduzi, la kumi na tano ni utaratibu. Mchezaji wa kawaida hafiki huko, kwa hiyo sihesabu kuwa ni dhambi kubwa.

La pili lina uzito. Ukipata mbegu 441 umeshanunua nafasi zote zilizopo. Zinabaki 459, zaidi ya nusu, ambazo hazinunui chochote. Ule mzunguko nilioueleza, wa mfuko na sanduku, unakatika kimyakimya. Kwa aliyeelewa kwamba idadi ni ya msongamano, hili ni jambo la kawaida, kwani mbegu zile zilizobaki ni zile ambazo angezikuta kama angepita njia nyingine. Lakini ni nani aliyemwambia?

Hakuna aliyemwambia, na kuna kitu kinachomwambia kinyume chake. Hilo ni la tatu, na ndilo ninalolihesabu kuwa kosa halisi. Ukishamshinda Ganon, adui wa mwisho, ramani inaanza kuonyesha asilimia ya ukamilifu. Gemu ambayo kwa makumi ya saa imekataa kukuhesabia chochote, iliyokuamini utazame kwa macho yako na uende unakotaka, ghafla inakutolea ripoti ya shule. Kila Korok ana thamani ya takriban asilimia 0.08, na zote pamoja ni karibu robo tatu ya hesabu nzima. Kwa namba hiyo, kuwashinda wanyama wanne wa kimungu, mashine kubwa zenye umbo la wanyama, ambao ni uti wa mgongo wa hadithi, ni sawa na kunyanyua mawe manne.

Namba ikishaonekana haiwezi kusahauliwa. Mchezaji aliyeridhika, aliyemaliza hadithi na kuzunguka nchi kwa furaha, anaona ana asilimia ishirini na kitu. Anaanza kujiona amefeli. Anafungua ramani kamili aliyoipata kwingine, anaweka alama 900, anatembea kutoka alama hadi alama kwa mstari, kile kile ambacho timu ilihangaika kukiondoa katika majaribio yao. Mawe, maua na miti havimsemeshi tena, kwa sababu anafuata orodha. Kisha anafika kwa Hestu, anapokea dhahabu inayonuka, na anakasirika. Hasira yake ni ya haki, ila inamwelekea mtu asiye na hatia. Zawadi ya Hestu inasema wazi kwamba hukutakiwa kufanya hivi. Asilimia ndiyo iliyomwambia afanye.

Kwa hiyo ninaitetea ile zawadi. Fikiria kama mwishoni kungekuwa na upanga usiovunjika au vazi la ajabu. Habari zingesambaa ndani ya siku moja, na mbegu zote 900 zingegeuka deni kwa kila anayeanza gemu. Vazi la namna hiyo lipo, linapatikana kwa kumaliza mahekalu yote 120, na pale linafaa, maana kila hekalu ni fumbo lililojengwa kivyake na lina mwanga unaoonekana kutoka mbali. Kwa mbegu, kutoa kitu kisichotamaniwa kulikuwa njia ya kuwaacha watu huru. Kilichokosekana ni kumjulisha mchezaji mapema zaidi, tuseme Hestu akamweleza, baada ya nafasi ya mwisho, kwamba manyanga sasa yanalia vizuri na zilizobaki ni za kuchezea tu.

Vifaa viwili vya mwaka ule ule

Mwezi Juni 2017 Nintendo walitoa nyongeza ya kulipia yenye vitu viwili vinavyohusu kisa hiki moja kwa moja, na vinavyovutana.

Kimoja ni kinyago cha Korok. Ukikivaa kinatikisika Korok akiwa jirani. Kinamsaidia mkusanyaji, hilo ni kweli, lakini kinahamisha kazi kutoka machoni kwenda kwenye kengele. Mtu anatembea akisubiri mtikisiko, haangalii tena umbo la mawe. Kwa aliyeamua kufikisha 900 ni huruma. Kwa mgeni ni hasara, na ningemshauri asikivae.

Kingine ni njia ya shujaa, mstari wa kijani unaochorwa juu ya ramani ukionyesha kila ulikotembea katika saa 200 zilizopita. Hiki ni kifaa cha ajabu. Unafungua ramani na unaona nyayo zako zimejazana barabarani na kando ya mito, na pale katikati ya milima miwili pana eneo zima ambalo hujawahi kulikanyaga. Hakuna anayesema kuna nini huko. Huenda hakuna kitu. Lakini unataka kwenda, na ukienda utatazama kwa macho yale yale ya siku za kwanza. Asilimia inakuambia umepungukiwa na kiasi gani, na haina cha kukuelekeza isipokuwa orodha ya mtu mwingine. Mstari wa kijani unakuonyesha hujafika wapi. Vyote viwili vinamhusu mtu yule yule aliyemaliza hadithi na hataki kuondoka, na kimoja kinamrudisha kwenye kuzurura, kingine kinampeleka kwenye kuhesabu.

Tears of the Kingdom ilipotoka tarehe 12 Mei 2023, ilikuwa nafasi ya kurekebisha, na kwa sehemu walirekebisha. Mbegu sasa ni 1,000, lakini baadhi zinapatikana kwa namna mpya: Korok aliyelemewa na mzigo mgongoni ameketi chini, hawezi kusogea, anataka afikishwe kwa rafiki yake ambaye moshi wa moto wake unaonekana ng'ambo. Ukimfikisha unapata mbegu 2. Hakuna njia iliyowekwa. Wengine humfunga kwenye gari walilolibuni kwa mbao na magurudumu, wengine humning'iniza kwenye puto, wengine humtupa majini na kumfuata. Fumbo moja hilo hilo halichoshi haraka, kwa kuwa kila bonde lina vifaa vyake na mteremko wake, na kila mchezaji analeta wazimu wake. Ule ufinyu wa aina za mafumbo niliousema umepata jawabu zuri hapa, kwa kumwachia mchezaji atunge yeye, badala ya kuajiri watu watunge mafumbo mia zaidi.

Njia ya shujaa nayo imeingizwa ndani ya gemu yenyewe, bila malipo ya ziada, ila lazima uitafute na kuifungua. Zawadi ya dhahabu imebaki ile ile, na safari hii kila mtu alishajua. Asilimia pia imebaki, inajitokeza baada ya adui wa mwisho kuanguka. Ningepewa kalamu nifute kitu kimoja tu katika gemu hizi mbili, ningefuta mstari huo mdogo wa namba, na mahali pake ningewasha njia ya shujaa tangu dakika ile ile hadithi inapoisha, bila kumtaka mchezaji aifungue kwanza.